Dakika za Kukaa Kitako

Jumatatu, 13 Februari

Siku ya kwanza ya shule. Shule ni meza ya kulia chakula, mwalimu ni mimi, mwanafunzi ni mmoja — na ameshanishinda.

Nimemwekea kisaa cha jikoni, kile cha umbo la nyanya. Dakika kumi na tano za kukaa, tano za kupumzika. Yen-po kakaa nne. Nne! Ya tano alikuwa chini ya meza anatafuta penseli, na penseli iko nyuma ya sikio lake.

Nimefundisha hesabu tuisheni miaka kumi na mmoja. Watoto arobaini chumba kimoja, nikikohoa tu unasikia feni. Wazazi walikuwa wakiambiana: mpeleke kwa Mwalimu Lai, huyo hata nyani atamkalisha. Na sasa huyu mmoja, wa tumbo langu, miaka minane, kilo ishirini na mbili.

Nimenunua daftari la mawasiliano lenye jalada la kijani, lile lile la shuleni. Kila siku ukurasa mmoja: masomo ya leo, neno la mwalimu, kisanduku cha mzazi kugonga muhuri. Jioni nikaandika kwenye neno la mwalimu: "Ana akili ila hatulii. Ajitahidi zaidi." Kisha nikatoa muhuri wangu wa jina, ule wa kutilia saini, nikagonga pa mzazi. Mwalimu kashtaki, mzazi kakiri. Yen-po alisimama kiwikoni pangu akitazama muhuri unavyoshuka. Kwa hilo alitulia.

Kibali chetu cha kusomea nyumbani ni cha muhula mmoja. Mwisho wa Aprili naomba upya, kamati ya ofisi ya elimu isome, iamue. Wakikataa, anarudi kule.

Jumatano, 15 Februari

Kule maana yake kwa Mwalimu Hsieh, aliyemwekea dawati lake kando ya pipa la taka ili asisumbue wenzake. Miezi mitano. Darasa zima likamwita Pipa. Siku moja alirudi na maganda ya machungwa ndani ya mkoba, nikamuuliza nani kayatia. Akasema hakuna, wanakosea tu shabaha.

Sitamrudisha. Hilo naliandika hapa ili nikichoka nilisome.

Mama mkwe amepanda kutoka kwake ghorofa ya chini na supu ya mizizi. Daktari alishatueleza mara mbili: ubongo wa mtoto una kasi bila breki, si utundu, kuna dawa ya asubuhi. Mama mkwe anaiita dawa hiyo sumu. Kasema mume wangu Kuo-tung alipokuwa na miaka minane alikuwa anakaa kama sanamu ya hekaluni. Kasema ukoo wao haujawahi kuwa na kitu hiki. Alipofika mlangoni akageuka, kwa upole kabisa:

"Mtoto huyu hana ugonjwa, mwanangu. Ana mama."

Nikamshukuru kwa supu. Nimeimwaga.

Jumatatu, 6 Machi

Dakika sita. Dakika saba. Dakika tatu.

Nimetoka kuoga nimemkuta na kasha la muhuri wangu wazi. Wino mwekundu mezani, kwenye kitambaa, kwenye vidole vyake vyote mpaka puani. Nikauliza anafanya nini. Akasema anasaini.

Anasaini nini? Kazi. Kazi gani, wakati leo hajaandika mstari hata mmoja!

Rula mara tano kiganjani. Hakulia — aliangalia kiganja akauliza wino na damu kipi chekundu zaidi. Nikaongeza ya sita.

Miaka minane tu na anaghushi muhuri wa mama yake. Nimeuficha ndani ya debe la mchele. Kwenye neno la mwalimu: "Si mwaminifu."

Alhamisi, 23 Machi

Jedwali la saba. Saba mara nane. Jana alilijua, juzi alilijua, leo anasema hamsini na nne na huku anazungusha kifutio kwenye ncha ya kalamu. Hamsini na nne. Mara nyingine tena hamsini na nne. Nikamshika mkono nikamtoa nje kwenye roshani, nikafunga mlango wa kioo. Nikaweka nyanya dakika tano.

Basi gari la taka likaja na muziki wake wa kuita watu washushe mifuko. Nikashuka na mifuko mbio mbio. Chini nikamkuta Mama mkwe, naye mbele ya majirani akaniuliza kama wanangu wa tuisheni nilikuwa nawapigia kelele vile vile, maana anasikia kila kitu kupitia dari. Majirani wakacheka na vifuko vyao mkononi. Nikajibu. Akajibu. Mvua ikaanza, tukahamia chini ya kibaraza tukaendelea.

Niliporudi juu ilikuwa imepita dakika thelathini na tano. Alikuwa amelowa mpaka soksi. Amekumbatia chuma cha roshani, anaimba ule muziki wa gari. Nilipofungua aliniambia gari leo limechelewa dakika mbili.

Hata hakuniuliza kwa nini. Ingekuwa heri angeuliza.

Nikamkausha, nikampa uji wa viazi vitamu. Kwenye daftari nimeandika: "Masomo ya leo: hesabu. Mazoezi ya nje, dakika 35." Nikaufukua muhuri kwenye mchele nikagonga.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeandika, basi. Kesho jedwali la nane.

Jumatano, 5 Aprili

Siku ya kufagia makaburi. Ukoo mzima wa Kuo-tung mlimani, na jua, na mbu.

Wifi yangu Ching-lan kaja na mwanawe wa miaka tisa, mshindi wa pili wa fidla mkoani. Ametujulisha hilo kabla ya kushuka garini. Kisha akauliza shule yetu ina likizo ngapi kwa mwaka, na kama mwalimu anapata marupurupu. Kuo-tung alicheka. Mume wangu — alicheka!

Yen-po alipewa kung'oa majani. Baada ya nusu saa tunamtafuta, kumbe yuko chini kule: kapalilia makaburi manne, na matatu si yetu. Safi kabisa, majani kayapanga mafungu kwa urefu. Magoti yanavuja damu. Wote wakaangua kicheko. Ching-lan akasema usimkatize, huyo ameshapata kazi.

Nikamtandika kofi la kisogoni mbele yao wote. Sikuwa na hasira naye hata kidogo. Nilitaka waone kwamba ninalea.

Nusu saa nzima alikuwa ameinama mahali pamoja. Sikuliandika hilo kwenye daftari, kwani siku ya kaburi hakuna masomo.

Ijumaa, 28 Aprili

Nimepeleka maombi.

Mama wenzangu wa kundi la kusomesha nyumbani wamekuwa wakioneshana watakachopeleka. Picha! Mtoto kashika figili. Mtoto kamkumbatia mbuzi. Mtoto katazama jani, na maelezo chini: "Leo tumejifunza sayansi." Kuo-tung naye akanishauri nipeleke picha chache na michoro, nisiwachoshe watu.

Nimewapelekea madaftari mawili ya kijani yaliyojaa. Kila siku ya masomo. Kila dakika aliyokaa, kila kosa, kila neno la mwalimu kwa wino mwekundu, kila muhuri wa mzazi. Tuisheni ndivyo tulivyofanya, na wazazi walipenda: mwalimu asiyeandika makosa ni mwalimu anayelala. Karani aliyapima mkononi, akauliza haya yote ya nini, Mama.

Nikamwambia ushahidi.

Nimeanza daftari la tatu. Leo kakaa dakika tisa.

Ijumaa, 19 Mei

Wamepiga simu! Bwana Tu wa ofisi ya elimu, sauti ya taratibu. Tufike mbele ya kamati Ijumaa ya tarehe mbili, saa nne, mimi na mtoto. Kamati itapenda kuzungumza naye peke yake kidogo. Kisha akasema mjumbe mmoja, Bi Chuang, ameyasoma madaftari yote mawili, mpaka ukurasa wa mwisho.

Mpaka ukurasa wa mwisho! Nilimwambia Kuo-tung kwa simu, nikamwambia haya sasa, waite wale mama wa picha na mbuzi wao.

Nikashuka nikamwambia Mama mkwe pia. Akarudi kukoroga supu yake. Raha iliyoje.

Jioni nimemnunulia Yen-po wali wa bata mzinga pale pembeni, na yai juu. Kala amesimama. Nimemwacha.

Jumapili, 28 Mei

Niandike kwa mpangilio.

Nilitaka kuhesabu wastani wa dakika za Mei, ili nimpe Bwana Tu kwa jedwali. Daftari la tatu likanidondoka, likafunguka kwa nyuma. Kule mwisho kuna kurasa tupu za kumbukumbu. Sijawahi kuzitazama, nani anazitazama?

Si tupu.

Kachora visanduku kwa rula. Yen-po, ambaye hawezi kupiga mstari mmoja bila kuutoboa! Tarehe, masomo ya leo, neno la mwalimu, kisanduku cha mzazi. Kurasa baada ya kurasa, kutoka mwisho kuja mbele. Ameandika kwa zile alama za matamshi za darasa la kwanza, maana maandishi kamili bado hayawezi, lakini zinasomeka.

"Leo Mama amekaa dakika 9. Alisimama kuangalia simu. Alipiga meza mara 2. Neno la mwalimu: Ana akili ila hatulii."

"Leo Mama amekaa dakika 6. Alilia chooni akafungulia maji. Neno la mwalimu: Ajitahidi zaidi."

"Leo Mama alisema mimi ni mzigo. Aliiambia simu. Halafu alinipa wali na yai. Neno la mwalimu: Amefanya vizuri nusu."

Hakuruka siku. Si moja. Mtoto ambaye daktari kaniambia nisitegemee amalize kitu chochote.

Nilicheka. Kwa kweli nilicheka kwanza, nimekaa sakafuni. Kisha nikakumbuka madaftari mawili yako wapi.

Kabla ya kuyapeleka nilijiwekea nakala ya kurasa za mbele tu. Za nyuma sijui kuna nini. Najua tu tarehe. Sita Machi iko mle. Ishirini na tatu Machi iko mle, na upande wa mbele mimi nimeandika mazoezi ya nje. Na Bi Chuang kasoma mpaka ukurasa wa mwisho, nami nikatangaza nyumba nzima! Mkuki kwa nguruwe. Miaka kumi na mmoja nimeandika makosa ya watoto wa watu, nikagongewa mihuri, nikalala usingizi.

Nikamwita. Nikamuuliza kwa sauti ndogo alianza lini haya.

"Tangu siku ya kwanza," akasema. "Wewe ulikuwa huna mwalimu."

Uliandika nini siku ile ya roshani? Hakumbuki. Siku ya rula? Hakumbuki. Si uongo, macho yake nayajua. Akishaandika kinatoka, anakwenda kwenye kingine. Kimebaki kwenye karatasi tu, mezani kwa watu.

Kisanduku cha mzazi kiko kitupu kurasa zote. Nikauliza mbona.

Akanieleza kama mtu anayemweleza mjinga. Mwanzoni alikuwa anagonga mwenyewe na muhuri wangu, kisha nikampiga. Na si halali hata hivyo, anayesaini inapasa awe mzazi wa mwanafunzi, na bibi wa Meishan amekufa.

Mama yangu. Alitaka mama yangu anisainie.

Mama angesaini. Angesaini bila kusoma, kisha angenichapa.

Jumatatu, 29 Mei

Nimempigia Bwana Tu. Nikasema nimekosea, nilipeleka madaftari yasiyohusika, naomba niyachukue nilete picha. Akasema yameshaingia kwenye jalada. Kisha akauliza kama nyumbani napata nafasi ya kupumua. Nikamuuliza nafasi gani. Akasema basi, tutaonana Ijumaa.

Kuo-tung kwenye simu: "Si nilikwambia upeleke picha?"

Sikumweleza kilichoandikwa. Sitamweleza.

Jumatano, 31 Mei

Leo hakuna hesabu. Leo tumefanya mazoezi ya kujibu.

Nilikaa upande wa kamati, yeye upande wake. Wakikuuliza nyumbani kukoje, unasema nini? Vizuri. Vizuri halafu? Mama ananifundisha kwa subira. Sema tena. Subira. Tena! Nikaweka na nyanya mezani. Kila alipoteleza nilirudisha mwanzo. Karibu saa mbili mfululizo. Mara ya kumi na kitu akaanza kuhesabu vigae, nikamshika kidevu.

Nikamwambia: ukisema neno baya hata moja, watakurudisha kwa Mwalimu Hsieh. Dawati lako bado liko pale, kando ya pipa. Wamekuwekea.

Alibadilika rangi. Nililiona, nikaendelea. Nikamwambia na maganda pia wamekuwekea.

Niliapa Februari sitamrudisha kule, na leo kule ndiyo fimbo yangu. Huyu mtoto wa watu — nasema wa watu, kumbe wangu.

Kabla ya kulala alikuja na daftari la tatu, kalifungua kwa nyuma. Leo kaandika. Sikutaka kusoma, nikasoma.

"Leo Mama amekaa dakika 110. Hakusimama hata mara moja. Neno la mwalimu:" — na hapo pako wazi.

Nikauliza neno la mwalimu liko wapi. Akasema bado anafikiria. Kisha akauliza akijibu vizuri Ijumaa, je, nitasaini? Zote, za nyuma. Yeye anaona mtu akikosa mzazi anaweza kujisainia, mimi ndivyo ninavyofanya kule mbele.

Nikasema tutaona. Tutaona! Mkono wangu ulikuwa juu ya debe la mchele kabisa.

Ijumaa, 2 Juni

Naandika nikiwa kwenye benchi la korido, ofisi ya elimu, ghorofa ya tatu. Daftari hili nimelipakata juu ya mkoba.

Asubuhi dawa kameza bila vita. Shati jeupe. Mama mkwe alisimama mlangoni kwake tukipita, akamrekebisha kola, akaniambia bila kunitazama kwamba mtoto akirudishwa shuleni itakuwa nafuu kwa kila mtu. Yen-po akamjibu yeye: "Bibi, si kwa kila mtu. Kwa pipa, labda."

Saa nne na dakika tano wakatuita wote. Watu watano mezani. Bi Chuang ni mdogo kuliko nilivyodhani, nywele fupi, miwani imening'inia kwa kamba. Madaftari mawili ya kijani mbele yake yamejaa vikaratasi vya njano, na vyote vimetokea upande wa nyuma. Hakuniuliza kitu. Akasema kwa heshima kabisa, Mama Yen-po, tusubirie nje kidogo.

Nikamtazama Yen-po. Nilitaka kumwambia kitu, sijui kipi — subira, au pipa, au samahani. Nikamwambia avute soksi juu.

Mlango una kioo, kipande chembamba. Sauti haipiti. Nikatoa nyanya mkobani, mazoea tu, nikaizungusha.

Dakika nne. Huwa anainuka ya nne.

Hajainuka.

Dakika tisa. Bi Chuang kafungua daftari kwa nyuma, kamsogezea. Yen-po anaonesha kwa kidole. Anaeleza. Mwanamume wa pembeni anauliza kitu, Yen-po anamsubiri amalize — anamsubiri! — kisha anajibu. Miguu haifiki chini na haichezi.

Dakika kumi na tano, nyanya imelia, karani wa korido kanitazama vibaya. Nimeizungusha tena.

Watu watano wanamwangalia mwanangu anapozungumza na hakuna hata mmoja aliyeshika rula. Ndivyo anavyokaa, kumbe. Sikuwahi kuona. Nimekuwa mbele yake miezi minne na nyanya mkononi, sikuwahi kuona.

Dakika ishirini na mbili. Bi Chuang kavua miwani, anajifuta macho. Yen-po kamsogezea sanduku la tishu, kaendelea kueleza.

Sijui anasema nini. Kama anasema subira, nimemfundisha uongo. Kama anasema kweli, wanamchukua kwangu. Siombi lolote kati ya hayo mawili.

Dakika ishirini na tisa. Mlango umefunguka, kijana mmoja katoa kichwa. Kauliza kwa adabu, Mama Yen-po, umekuja na muhuri wako?

Nimekuja nao. Nani anaingia ofisini bila muhuri? Uko kwenye mkoba, bado una vumbi la mchele.

Nikauliza wa kugonga nini. Akageuka kuangalia ndani kisha akasema nisubiri, bado wanaandaa ukurasa. Kafunga bila kusema ni ukurasa wa Yen-po au wa kumchukua.

Dakika thelathini na moja. Muhuri nimeushika. Mwanangu bado amekaa.